Kilio Kilichosajiliwa

Mvua ilikuwa inapiga bati, njiwa wa jirani walikuwa wanaguruma kwenye upenu, na Tusekile Mwambene alikuwa anaandika kwa raha zake. Mlango wa chumba cha kulala aliuacha wazi makusudi, ili Bupe akiamka amsikie. Makala yake ilikuwa inakaribia mwisho. Ilihusu swali ambalo wanasheria wenzake wa chuo kikuu walikuwa wakilibishania kwa miaka: je, sikio la mashine linaposikia, linasikia au linanakili?

Swali hilo kwake halikuwa la vitabuni tu. Homa ya uti wa mgongo ilimnyang'anya usikivu akiwa mtoto, akakulia katika ukimya, akasoma kwa kutazama midomo ya walimu. Masikio ya mashine alikuja kuwekewa ukubwani: vidude viwili nyuma ya ndewe, na nyuzi laini zilizoingia mpaka kwenye mshipa wa fahamu. Tangu siku hiyo hakuna aliyeipenda mvua ya Mbeya kama yeye.

Mlango wa mbele ukafunguliwa kwa kishindo. Atuganile, dada wa mumewe, aliingia akiwa ameloa, akautupa mfuko wa viazi sakafuni, akampita mbio bila hata salamu na kuingia chumbani.

"Wifi!" alipiga kelele kutoka ndani. "Wifi, mtoto!"

Tusekile alipofika mlangoni alimkuta Atuganile amepiga magoti, ameingiza mkono kati ya kitanda na ukuta. Bupe alikuwa ameviringika mpaka pembeni, akatumbukia kwenye ule mwanya, akabanwa kifuani huku chandarua kimemzonga shingo. Atuganile alikikata kwa meno. Mtoto akatoka, uso umemvimba, midomo imeanza kuwa na rangi ya zambarau.

"Ulikuwa wapi?" Atuganile aliuliza. "Ulikuwa wapi wewe?"

"Hapo mezani."

"Hapo mezani, mtoto analia hivi? Nimemsikia tangu kwenye kona ya barabara! Mama Lugano katoka nje na mwavuli anauliza kuna nini!"

"Hajalia, wifi. Mlango ulikuwa wazi. Hajalia hata kidogo."

Atuganile alimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Kisha, taratibu, akamgeuza mtoto ili uso wake uelekee kwa mama yake.

Mdomo wa Bupe ulikuwa wazi kabisa. Ufizi ulionekana, kimio kilikuwa kinatetemeka, mishipa ya shingo imesimama. Machozi yalikuwa yanamiminika mpaka kwenye kola ya fulana. Tusekile alisikia mvua. Alisikia njiwa. Alisikia maji yakichuruzika kutoka kwenye khanga ya wifi yake na kudondoka kwenye saruji. Mtoto wa miezi saba alikuwa analia kwa nguvu zake zote umbali wa mkono mmoja, na mahali ambapo kilio kilipaswa kuwa palijaa mvua na njiwa, bila mwanya, bila ufa, kama vile hakuna kilichopungua duniani.

Kisha Bupe akachoka. Ikaja kwikwi ndogo. Hiyo aliisikia.

*

Gwakisa, fundi wa masikio, alikuwa na chumba chake cha kazi juu ya duka la dawa pale Mwanjelwa. Alikuwa kijana mtaratibu aliyezoea kuzungumza na wagonjwa wake uso kwa uso, akiinua kidevu ili midomo ionekane. Alimkalisha Tusekile kitini, akamwunganisha na kompyuta, akampigia milio ya kila aina: kengele, filimbi, mbwa, mlango, watoto wa wenzake wakilia. Yote aliisikia.

"Masikio ni mazima, dada," alisema. "Sasa nipe ile sauti aliyorekodi wifi yako."

Aliichomeka simu. Kwenye kioo mstari wa kijani ulijikunja na kupanda juu kama mlima, ukashuka, ukapanda tena. Atuganile, aliyekaa pembeni na Bupe mapajani, aliziba masikio yake.

"Unaona huu mlima?" Gwakisa aliuliza.

"Nauona."

"Unasikia nini?"

Tusekile alitega sikio kwa makini. "Feni tu. Ile feni yako ya dari."

Gwakisa alitazama juu, na Tusekile akatazama juu pamoja naye. Feni ilikuwa imesimama. Mapanga yake yalikuwa yametulia na vumbi juu yake.

"Nimeizima tangu ulipokaa," fundi alisema. "Sikio ndilo linalokupigia hiyo feni. Limeondoa kitu, likafukia shimo."

Sheria yenyewe Tusekile aliifahamu vizuri. Alikuwa akiwafundisha wanafunzi wa mwaka wa tatu. Sikio la mashine, kabla halijapeleka sauti kwenye mshipa, huihifadhi kwa muda mfupi kuliko kope inavyopepesa. Watunga sheria walisema kuhifadhi ni kunakili, hata iwe kwa muda gani. Kunakili kitu cha mtu kunahitaji ruhusa. Basi kila sikio likawekewa chujio, na chujio likaunganishwa na Rejista ya Sauti. Nyimbo zilikuwa zimelipiwa na watengenezaji, kwa hiyo hakuna aliyelalamika. Kile kisichokuwa na ruhusa kiliondolewa, na kwa kuwa wateja wa kwanza walisumbuliwa na mashimo ya ukimya, wahandisi wakabuni namna ya kuyafukia kwa sauti za mahali pale pale. Ilisifiwa kuwa ni huduma nzuri. Tusekile mwenyewe aliwahi kuisifu darasani.

"Ni sauti ya nani?" aliuliza. "Mwenye haki ni nani?"

Gwakisa alisoma kwenye kioo. "Kampuni inaitwa Mwangwi Mpya. Wana mashine inayotunga vilio vya watoto. Walianza kwa ajili ya wanasesere, na mitambo ya kufundishia wauguzi. Mashine imetunga vilio vingi mno, na vyote wamevisajili; hiki cha Bupe kimeingia rejistani wiki hii."

"Lakini mashine haijawahi kumsikia Bupe."

"Haijamsikia. Imetunga tu, ikafikia kilio kile kile cha kwake." Alikuna shingo. "Dada, kuna jambo jingine hapa. Hawakusajili kilio peke yake. Wamesajili wanachokiita ukoo wa sauti."

"Ukoo?"

"Koo hilo hilo likikua. Mashine imekisia sauti hii itakavyokuwa mtoto akianza kusema, akienda shule, akivunja ungo, akiwa mtu mzima. Yote imo humu, chini ya namba moja."

Tusekile aligeuka kumtazama mwanawe. Bupe alikuwa anachezea kishikizo cha gauni la shangazi yake, midomo ikisogea. Labda alikuwa ananong'ona, labda anacheka. Hakukuwa na njia ya kujua isipokuwa kumwuliza mtu mwingine.

"Na walio kama mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Wangapi hawajui wasichokisikia?"

"Watakuja kuuliza nini, dada? Mtu huja hapa akisikia mkwaruzo. Akisikia shwari, haji."

Fundi alisogeza kiti karibu, akashusha sauti ingawa hapakuwa na mtu mwingine zaidi yao. Angeweza kulifungua chujio, alisema. Alikwisha kulifungua kwa watu kadhaa. Lakini kila sikio hujisalimisha kwa watengenezaji likienda kupokea maboresho, na likikutwa limechezewa huzimwa kabisa, na mwenyewe hupelekwa mahakamani kwa kuvunja kufuli ya haki miliki.

"Usinitajie majina yao," Tusekile alisema. "Na usinifungulie leo. Nipe nafasi nifikiri."

*

Kufikiri kulikuwa kugumu kwa sababu ya woga. Tangu siku ile nyumba ilikuwa imegeuka. Alipokuwa anakoroga uji alisikia uji ukitokota na hakujua uji huo ni wa kweli au ni udongo uliofukia shimo. Alipooga alimweka Bupe kwenye beseni mlangoni. Alipofumba macho kusali, aliyafumbua katikati ya sala. Zamani, alipokuwa kiziwi kamili, hakuwahi kuogopa hivi. Kiziwi anajua kwamba hasikii, kwa hiyo hutazama. Sasa alikuwa na masikio yanayomwambia kila saa kwamba mambo ni shwari.

Mumewe, Asajile, alikuwa Mpanda akipima barabara. Alimwambia kwenye simu, "Wewe ndiye unayeshinda naye. Utakaloamua nitasimama nalo." Maneno mazuri, lakini yalimwacha peke yake na uamuzi.

Aliandika malalamiko kwa Baraza la Haki za Sauti, akiomba ukoo ule ufutwe kwenye rejista. Haikupita wiki, wakili wa Mwangwi Mpya akabisha hodi nyumbani. Aliitwa Nakaniwa Mbwambo, mwanamke mpole aliyekuja na kitambaa cha kumfunikia mtoto kama zawadi, akaomba radhi kwa yaliyotokea kabla hajakaa.

"Hakuna mtu kule ofisini aliyelala vizuri tangu tusome malalamiko yako, Dokta," alisema. "Sisi pia tuna watoto. Nimekuja na kibali. Hutoi hata senti. Ukisaini tu, masikio yako yatamsikia Bupe kabla sijamaliza chai hii."

Tusekile aliichukua karatasi. Ilikuwa fupi. Aliisoma, akarudi aya ya pili, akaisoma tena.

"Hapa panasema mimi, kwa niaba ya mtoto, nakubali kwamba sauti yake ni sehemu ya ukoo uliosajiliwa."

"Ni lugha ya kisheria tu. Huwezi kumpa mtu ruhusa ya kitu bila kukitaja kuwa ni chako."

"Akikua akataka kuimba? Akisoma taarifa redioni? Akitaka kuzungumza na mtu mwenye masikio kama yangu?"

"Ataomba kibali, na atapewa. Hatujawahi kumnyima mtu."

"Na akisema jambo msilolipenda?"

Wakili aliweka kikombe chini. "Dokta," alisema, "mtoto wako alikaribia kukatika pumzi ukiwa chumba cha pili. Mambo ya redio ni ya miaka ishirini. Hili ni la leo jioni."

Alipoondoka, Atuganile alitoka jikoni akiwa amefura. "Saini, wifi! Saini leo leo! Sauti ni hewa. Mtoto akifa atakuwa na sauti gani?"

Kesho yake Profesa Chengula, aliyemlea Tusekile kitaaluma tangu akiwa mwanafunzi na sasa akimwakilisha mbele ya Baraza, alimwambia kinyume chake. Walikuwa wamekaa kwenye benchi la zege nje ya maktaba, Bupe akiwa mgongoni kwa mama yake.

"Ukisaini, shauri limekufa," alisema mzee huyo. "Ukimwambia fundi akufungulie, limekufa pia, watasema hujadhurika na umekuja na mikono michafu. Mlalamikaji ninayemhitaji ni mama ambaye hamsikii mwanawe siku anaposimama pale mbele."

"Kwa hiyo niendelee kutomsikia."

"Kwa muda. Na ningependa tumlete mtoto barazani. Wajumbe wakimwona analia na wewe umetulia, hakuna hoja itakayohitajika."

"Mwanangu si kielelezo, Profesa."

"Sisemi tumfinye," alisema, akatazama pembeni. "Watoto hulia wenyewe."

*

Ukumbi wa Baraza ulikuwa na viti vya plastiki na mapazia mazito ya bluu. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu, Augustino Kihwele, mzee mwembamba mwenye sauti ya taratibu, na kushoto na kulia kwake walikaa wajumbe wawili. Tusekile alimwacha Bupe nyuma kabisa na Atuganile, amelala, amefunikwa. Alijiambia kuwa hakumleta kama kielelezo. Alimleta kwa sababu hakuwa na ujasiri wa kumwacha nyumbani.

Wakili Nakaniwa alisema kwa ufupi na kwa adabu. Chujio limefanya kile sheria inachokitaka. Hakuna ushahidi wa kitabibu wa madhara. Mtoto alisikika barabara nzima. Aliyeshindwa kumsikia ni mtu mmoja, na mtu huyo amepewa kibali cha bure akakikataa. Mjumbe wa kulia alikuwa anatikisa kichwa akikubali. Jaji Kihwele alishukuru, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti kifungu kinachohusu usajili wa sauti zilizotungwa na mashine.

Tusekile alikuwa anamsikiliza. Kisha aliona mjumbe wa kulia akiinua uso. Mjumbe wa kushoto naye akainua. Karani aliacha kuandika. Watu wa mstari wa mbele waligeuza shingo, mmoja baada ya mwingine, kutazama nyuma ya ukumbi, na nyuso zao zikakunjamana kama nyuso za watu wanaoumizwa masikio.

Aligeuka. Bupe alikuwa ameamka. Mdomo wazi, ngumi zimekunjwa. Atuganile alikuwa anamtikisa, anampa chupa ya maziwa, anamwinua begani, na mtoto anajipinda kama upinde.

Tusekile alinyanyuka nusu. Mkono ukamshika mkono. Ni Profesa Chengula, na hakuwa anamtazama yeye wala mtoto. Alikuwa anatazama meza kuu, uso umempauka.

"Mwache kidogo," alinong'ona. "Mungu wangu. Mwache kidogo tu. Mtazame mwenyekiti."

Jaji Kihwele alikuwa bado anasoma. Hakupaza sauti, hakusita, hakuinua kichwa. Alisoma kama mtu aliye katika chumba kitulivu, akifuata mstari kwa kidole, katikati ya ukumbi ambao kila mtu ndani yake alikuwa ameduwaa.

Ndipo Tusekile alipoona, chini ya mvi, nyuma ya ndewe ya mzee yule, kidude kidogo cha rangi ya ngozi.

Alipaswa kwenda kwa mtoto. Miguu ilitaka kwenda. Lakini alikaa. Alikaa na kumtazama mwanawe akilia kilio asichokisikia, akajua kuwa anakaa, na akajua ni kwa sababu gani. Hata baadaye hakuweza kusema kilidumu kwa muda gani.

Mzee alifika mwisho wa kifungu. Alivua miwani, akaona nyuso.

"Mbona mnatazama huko?" aliuliza.

Karani alimwonyesha kwa kidole nyuma ya ukumbi. Jaji alimwona mwanamke mwenye mtoto nyuma, akamwona mtoto, akaona mdomo wazi na machozi. Alitabasamu kidogo, tabasamu la babu, kama anayengoja sauti ifike. Haikufika. Tusekile aliona tabasamu lile likibaki usoni peke yake, kisha likiporomoka. Mzee alipeleka mkono nyuma ya sikio, akagusa kile kidude, akautoa mkono haraka kama aliyegusa jiko la moto.

Sasa Tusekile alinyanyuka, akaondoa vidole vya Profesa, akaenda kumchukua mwanawe.

Wakili Nakaniwa naye alikuwa amesimama. Alifahamu kazi yake. "Kwa heshima zote, Mheshimiwa," alisema, "ikiwa Mheshimiwa mwenyekiti ni mtumiaji wa masikio hayo, na ikiwa ukoo huu unamgusa, basi ana maslahi katika shauri hili. Naomba ajitoe."

Ilikuwa hoja sahihi. Kila mwanasheria ukumbini aliijua kuwa ni sahihi, na mzee aliijua kuliko wote.

"Najitoa," Jaji Kihwele alisema. "Shauri litaahirishwa hadi atakapoteuliwa mwenyekiti mwingine." Aliyasema kwa utulivu wa mazoea, akagonga meza, na halafu hakunyanyuka.

*

Tusekile na Atuganile walimkuta Jaji Kihwele kwenye korido, kwenye kiti cha karani, simu mkononi. Tusekile alikuwa amempakata Bupe, ambaye sasa alikuwa ametulia na kunyonya kidole. Alitaka kupita kimya, lakini mzee alimzuia kwa macho.

"Mama," alisema. "Huyu wifi yako ana masikio yake ya kuzaliwa?"

"Ndiyo, mzee."

"Namwomba." Alimnyooshea Atuganile simu iliyokuwa inaita, na sauti yake ya kortini ilikuwa imemwishia. "Nina binti yangu wa mwisho, Yustina, yuko Songea. Tangu mwanzoni mwa mwaka huu akipiga simu hasemi. Namwita, namwita, nasikia upepo tu, basi nakata. Nilidhani amenikasirikia kwa ajili ya kiwanja cha marehemu mama yake. Nami nikakasirika. Naomba unisikilizie."

Atuganile aliibandika simu sikioni. Tusekile na mzee walikaa wakitazama midomo yake, wote wawili, kama watu wanaongoja majibu ya daktari.

"Shikamoo dada, mimi si Mzee Kihwele, mimi nipo naye hapa... Hapana, hajambo, ni mzima." Atuganile alisikiliza. Macho yalimjaa. "Anauliza, mbona siku zote akikupigia unakata? Anasema alikupigia alipojifungua, ukamkatia."

Mzee alifunika uso kwa viganja. "Amejifungua?" alisema ndani ya viganja. "Mwambie sikujua. Mwambie nilidhani yeye ndiye aliyenyamaza."

Hawakumwona wakili Nakaniwa alipofika. Alisimama hatua chache, mkoba kifuani, na alionekana kama mtu aliyetamani kuwa kwingine. Hata hivyo alifungua mkoba.

"Mzee wangu," alisema, "shauri hili si lako tena, kwa hiyo naruhusiwa kusema nawe. Kibali kama kile cha Dokta, unaweza kukipata sasa hivi. Utamsikia akiwa bado hajakata simu." Aliweka karatasi kwenye goti la mzee, na kalamu juu yake.

Jaji aliichukua kalamu bila kusoma. Mtu aliyesoma kila kitu maisha yake yote hakusoma. Alitafuta tu mahali pa kuweka jina.

"Mzee," Tusekile alisema. "Sauti hiyo ni ya nani?"

"Ya mwanangu."

"Basi muulize yeye. Yupo hapo kwenye simu. Ni mtu mzima."

Kalamu ilisimama. Mzee alimwashiria Atuganile, na Atuganile akamwekea Tusekile simu karibu na mdomo. Tusekile alisema kama mtu anayesemea kisimani, bila kusikia chochote upande wa pili ila sauti za korido.

"Dada Yustina, naitwa Tusekile. Masikio ya baba yako yamezuiwa yasikusikie, kwa sababu sauti yako inafanana na iliyosajiliwa na kampuni. Akisaini hapa, atakusikia leo. Lakini itaandikwa kwamba sauti yako ni ya kampuni, yako na pengine ya mwanao. Asiposaini, sijui ni lini atakusikia. Shauri linaweza kuchukua muda mrefu, na tunaweza kushindwa. Sauti ni yako. Useme wewe."

Atuganile alirudisha simu sikioni.

"Amenyamaza," alisema. Kisha akasema, "Kweli amenyamaza, mzee, si masikio." Kisha, "Analia sasa." Alingoja, akifuta pua kwa ukingo wa khanga. "Anasema usisaini, baba. Anasema atapanda basi la asubuhi, atakuja na mtoto. Anasema mtaandikiana kwenye karatasi mpaka mchoke."

Jaji Kihwele aliitoa karatasi gotini, akaikunja kwa uangalifu, akamrudishia mwenyewe. Kisha akavua masikio yake, moja baada ya jingine, akayatia mfukoni mwa koti.

Wakili Nakaniwa alimgeukia Tusekile. Hakuwa na furaha ya mtu anayeshinda. "Na wewe, Dokta? Kibali chako bado kipo. Nakusihi, si kama wakili."

Tusekile alimtazama Bupe. Mtoto alikuwa amemtolea macho, midomo inasogea, anasema lolote alilokuwa analisema. Yustina aliulizwa na akajibu. Huyu bado hakuwa na uwezo wa kuulizwa, na kila mtu mle koridoni, hata wifi yake aliyemtazama kwa macho ya kusihi, alikuwa anamtaka amjibie.

"Nitamngoja," alisema.

"Utamngoja mpaka lini?"

Tusekile alitoka nje na kuanza kuteremka ngazi polepole, akitafuta kila kipandio kwa unyayo, kwa sababu hakuthubutu kuyaondoa macho kwenye uso wa mtoto hata kutazama alipokuwa anakanyaga.